Tone Moja la Maji Ndani ya Betri

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya cha majuma matatu. Sikuwa likizoni. Nilikuwa nimezama katika kazi ndogo niliyodhani ingenichukua jioni mbili, kumbe ilikuwa inanirudisha kwenye kemia niliyoikimbia tangu kidato cha nne.

Kazi yenyewe ilianza hivi. Rafiki yangu mmoja anafanya utafiti wa betri katika maabara moja hapa Nairobi. Wanaunda betri ndogo za duara, zile zinazofanana na za saa ya mkononi, ili kujaribu poda mpya wanazozichoma wenyewe. Akaniomba nimwandikie programu ya kuweka kumbukumbu: kila chupa ya elektroliti inayoingia, cheti chake, tarehe ya kufunguliwa, na betri zilizotengenezwa kwayo. Nikaketi, nikachora majedwali, nikafika kwenye safu moja ya cheti iliyoandikwa "asidi". Nikaiwekea aina ya data kuwa nambari yenye desimali. Basi, nikasonga mbele kama kawaida yetu sisi waandishi wa programu.

Alipoiona akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ndugu yangu," akasema, "hiyo safu yako moja ndiyo iliyomla yule msichana wetu miezi minane."

Nitawasimulia habari za huyo msichana, lakini kwanza tuelewane juu ya kinachozungumzwa, maana wengi wetu tunashika betri za lithiamu kutwa nzima bila kujua ndani mna nini.

Betri iliyo katika simu yako, katika tarakilishi yako ya mkononi, katika taa ya sola kule kijijini na katika pikipiki za umeme zinazopita barabarani hapa mjini ina pande mbili. Upande mmoja kwa kawaida ni grafiti. Upande wa pili ni oksidi au fosfeti ya metali fulani: kobalti, nikeli, manganizi, chuma. Katikati pana kiowevu ambacho ayoni za lithiamu huogelea ndani yake kutoka upande huu hadi ule. Kiowevu hicho ndicho elektroliti. Katika betri nyingi ni chumvi iitwayo lithiamu heksafluorofosfeti, ambayo wanakemia huiandika LiPF6, ikiwa imeyeyushwa katika mchanganyiko wa viyeyusho vya jamii ya kaboneti, kiasi cha moli moja kwa lita.

Shika hapo: hakuna maji. Betri ya gari ya zamani, ile ya risasi, imejaa asidi na maji na inaishi vizuri tu. Betri ya lithiamu inayachukia maji. Chumvi hiyo ya LiPF6 ikikutana na maji huvunjika, na katika vipande vyake hutoka haidrojeni floridi, HF, ambayo ni asidi yenye tabia mbaya kuliko nyingi unazozijua. Molekuli moja ya maji inaweza kuzaa molekuli mbili za HF.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonishtua mimi. Molekuli ya maji ina uzito wa 18. Molekuli mbili za HF zina uzito wa 40. Kwa hiyo miligramu 18 za maji zinaweza kuzaa miligramu 40 za asidi. Tone moja la maji ni kama miligramu 50. Liangushe katika kilo nzima ya elektroliti, liache limalizike lote katika mmenyuko huo, na utapata asidi ya miligramu 111 hivi. Sasa chukua cheti cha elektroliti ya daraja la betri: mara nyingi kitakuambia maji yasizidi miligramu 20 katika kilo, na asidi isizidi miligramu 50. Yaani tone moja, ambalo ungelipangusa mezani kwa kidole bila kufikiri, limekupitisha kikomo mara mbili.

Ndiyo maana viwanda vinavyojaza betri hizi hufanya kazi katika vyumba vilivyokaushwa kupita jangwa lolote, na maabara hutumia visanduku vyenye glavu, vilivyojaa gesi ya agoni, ambamo unaingiza mikono tu na pumzi yako inabaki nje.

Asidi hiyo ndogo inadhuru nini? Juu ya grafiti huwa pana utando mwembamba unaojijenga betri inapochajiwa mara za kwanza, na uhai wa betri hutegemea utando huo utulie. Sehemu yake ni lithiamu kaboneti. HF ikikutana na lithiamu kaboneti, hutoka lithiamu floridi, kaboni dioksidi, na maji. Rudia kusoma: na maji. Maji hayo huenda kuivunja chumvi tena, ikatoka asidi tena, ikaurudia utando tena. Mwandishi wa programu akiona kitanzi cha namna hiyo, ambacho kinachotoka ndicho kinachorudi kuingia, mkono wake huenda wenyewe kwenye kitufe cha kusimamisha. Ndani ya betri hakuna kitufe.

Kioo nacho hufanya vivyo hivyo. HF hula silika iliyo katika kioo na kutoa maji. Kwa hiyo elektroliti hufungashwa katika chupa za alumini au za plastiki, na mtu akikuletea sampuli katika kichupa kizuri cha kioo akitaka umpimie asidi, jua tayari amekuletea jibu lililoharibika.

Upande wa pili pia hauachwi. Manganizi ndiyo huumia zaidi: asidi huiyeyusha, ikasafiri ndani ya kiowevu hadi kwenye grafiti na kuuvuruga ule utando. Joto likipanda, mambo huenda mbio. Hata fosfeti ya chuma, ambayo sote tunaisifu kwa uvumilivu, haikuponyoka kabisa. Mwaka 2005 Khalil Amine na wenzake wa maabara ya Argonne kule Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha chuma kikiyeyuka kutoka kwenye fosfeti hiyo katika nyuzi 55 za Selsiasi, ndani ya elektroliti hii hii ya LiPF6. Nyuzi 55 si jambo la ajabu kwa betri iliyofungwa chini ya kiti cha pikipiki mchana wa Mombasa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kwamba asidi ikiwa sifuri ndipo mbingu hufunguka. Floridi kidogo husaidia kuweka ngozi ya kinga juu ya karatasi ya alumini inayokusanya umeme upande wa kathodi, na baadhi ya chumvi mpya zisizovunjwa kwa urahisi na maji zimekuwa na shida ya kuitafuna alumini hiyo. Kwa hiyo mimi sipigani na asidi. Ninapigana na kutoijua.

Sasa tumrudie msichana wetu. Alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamili juu ya kathodi ya manganizi. Anachoma poda yake, anaunda betri, anazichaji na kuzitoa chaji, na kila baada ya mizunguko michache uwezo wake unashuka kama ndoo yenye tundu. Akabadilisha joto la tanuri. Akabadilisha muda. Akabadilisha uwiano wa vipimo. Kila mara kushuka kulikuwa kule kule. Msimamizi wake akaanza kusema pengine poda yenyewe haifai, atafute mada nyingine. Miezi minane.

Chupa ya elektroliti aliyokuwa akiitumia ilikuwa na cheti safi: asidi 23, imepigwa muhuri. Hakuna aliyeitilia shaka, kwa nini aitilie? Ila ilikuwa imefunguliwa mara nyingi, na watu wengi, na kuna wikendi moja stima zilipotea na mtambo unaosafisha gesi ya kisanduku ukalala siku mbili. Chupa ikabaki humo, kifuniko hakikukazwa sawasawa. Jumatatu stima zikarudi, taa ikawa kijani, kazi ikaendelea. Cheti kiliendelea kusema 23, maana cheti ni karatasi, hakifunguliwi wala hakilowi.

Aliyegundua ni fundi wa maabara, mzee mmoja ambaye wote wanamwita Mzee tu. Alisema, "Wanangu, mnapima kila kitu isipokuwa kile mnachokimimina." Akachukua sampuli akaipima. Na hapo, badala ya jibu, wakapata mjadala.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye utamu wote. Kupima maji katika elektroliti ni jambo lililokwishatulia. Mwanakemia Mjerumani Karl Fischer alichapisha njia yake mwaka 1935: iodini na salfa dioksidi hula maji kwa uwiano unaojulikana. Mashine za siku hizi huitengeneza iodini hiyo kwa umeme, kidogo kidogo, kisha huhesabu umeme uliotumika. Kila miligramu ya maji hugharimu kulomu 10.7. Gramu moja ya elektroliti yenye maji ya miligramu 20 kwa kilo itakula kulomu 0.21 hivi. Hiyo ni hesabu ya elektroni tupu, na mtu wa programu huipenda, kwa kuwa unahesabu kitu badala ya kukadiria rangi.

Asidi je? Njia tuliyofundishwa shuleni ni titresheni: unadondosha besi ya nguvu inayojulikana, pamoja na rangi ya kiashiria, hadi rangi igeuke, kisha unasoma umedondosha kiasi gani. Chukua gramu 10 za elektroliti yenye asidi ya 50. Humo mna nusu miligramu ya HF, na kuimaliza unahitaji mililita 2.5 za besi ya nguvu ya moli 0.01 kwa lita. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Tatizo ni kwamba besi ya shuleni, sodiamu haidroksidi, imeyeyushwa katika maji. Na maji ndiyo yanayoizaa asidi unayoipima.

Mzee alifanya kama wafanyavyo wengi wenye vyombo vichache: maji yaliyopoozwa kwa barafu, bromothimoli buluu kuwa kiashiria, mkono wa haraka. Rangi ikatoka manjano ikawa buluu. Akaandika nambari. Alipoinua macho, buluu ilikuwa inafifia. Ikarudi manjano. Akaongeza tone, ikawa buluu, ikafifia tena. Kila tone alilodondosha lilikuwa likilipa deni, na chupa ilikuwa ikikopa upya. Nilimwuliza basi nambari halisi ilikuwa ipi, ya buluu ya kwanza, ya pili au ya tano. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza bei ya mvua.

Wenzangu wa programu mmekwisha kuitambua. Kuna hitilafu ambayo hubadilika au kutoweka pale unapoongeza mstari wa kuchapisha thamani ili uitazame. Programu ina nyuzi mbili zinazokimbizana, wewe unaongeza kuchapisha, uzi mmoja unachelewa kidogo, na mbio zinabadilika. Watu wa fani yetu wameipa hitilafu hiyo jina la utani linalotokana na Heisenberg, mwanafizikia. Nilidhani ni ugonjwa wa tarakilishi peke yetu. Kumbe wanakemia wanao, tena wao hawana kitufe cha kuanza upya.

Rafiki yangu alikwenda kwa njia nyingine, ya kuyafukuza maji kabisa: sampuli katika kiyeyusho kikavu, na besi ya jamii ya amini, kama vile triethilamini, nayo ikiwa katika kiyeyusho kikavu. Hiyo hutulia, rangi haikimbii. Nambari yake ilikuwa chini kuliko ya Mzee. Bado ilikuwa imekipita kikomo mara kadhaa, na ile 23 ya cheti ilikuwa imebaki mbali nyuma. Lakini hazikuwa nambari moja. Chupa moja, siku moja, watu wawili waaminifu.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo cheti halikuambii wazi. Titresheni haijui jina la asidi. Inahesabu protoni. Ndani ya elektroliti iliyoharibika mnaweza kuwa na HF, na mnaweza pia kuwa na asidi za fosfori zenye florini, ndugu zake waliozaliwa katika kuvunjika huko huko. Zote zinajumlishwa na kuandikwa "asidi, kama HF". Lile neno "kama" limebeba mzigo mkubwa kuliko nambari iliyo mbele yake. Ukitaka kujua nani ni nani unahitaji vyombo vingine. Mashine ya mwangwi wa sumaku wa viini inayosikiliza florini hutenganisha HF na wenziwe vizuri, kila mmoja na mahali pake kwenye mchoro. Lakini ni mashine ya mamilioni ya shilingi, na mrija wake wa kawaida ni wa kioo, kwa hiyo inabidi kuweka mrija wa plastiki ya florini ndani yake, ama sivyo mrija nao utaliwa.

Basi rai yangu ni hii, na najua kuna watakaoipinga. Nambari ya asidi isiyosema ilipimwa kwa njia gani, lini, na chupa ikiwa katika hali gani, tusiipokee. Sisemi tuipokee kwa tahadhari. Tusiipokee. Irudishwe kwa barua pepe ya heshima kumwomba muuzaji ajaze yaliyobaki. Ninyi wenyewe mstari wa kumbukumbu za seva usio na saa mngeutupa. Ukipata ujumbe unaosema "hitilafu 23", bila tarehe, bila jina la programu, bila toleo, ungefanya nao nini? Ndicho tunachofanya na vyeti hivi: tunavibandika ukutani.

Pingamizi la kwanza nililolisikia ni kwamba watengenezaji wanajua kazi yao kuliko sisi. Kweli wanajua. Nambari yao huenda ilikuwa sahihi kabisa siku chupa ilipojazwa. Ila asidi katika chupa yenye unyevu hupanda kwa siku na majuma, na hupanda upesi zaidi penye joto. Kati ya kiwanda kilichoko Asia na meza ya Nairobi kuna meli, kuna kontena juani bandarini, kuna barabara. Cheti ni picha ya mtoto siku aliyozaliwa. Huwezi kuitumia kumtambua akija kuomba kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalikwepa. Wengi wetu hapa Kenya hatujazi betri. Tunanunua seli zilizokwisha kufungwa, tunaziunganisha ziwe pakiti za pikipiki, za taa, za akiba ya stima nyumbani. Asidi imefungiwa ndani ya mkebe. Huwezi kuipima bila kuupasua. Kwa fundi wa mtaani basi, makala haya yote ni porojo? Kwa sehemu, ndiyo. Fundi anayechagua seli za mitumba atafaidika zaidi kwa kupima ukinzani wa ndani na kwa kuacha seli zikae mwezi mmoja aone ipi inapoteza volti, kuliko kwa kusoma juu ya triethilamini. Pia ni kweli kwamba sehemu ya maji yaliyoingia wakati wa kujaza huliwa katika kuchaji kwa mwanzo kabla hayajawa asidi, kwa hiyo ile hesabu yangu ya tone ni ukomo wa juu wala si hukumu.

Lakini kuna watu kati ya fundi na kiwanda. Kuna anayeagiza seli elfu kumi. Huyo anaweza kuuliza elektroliti ilipimwaje, na anaweza kutoa seli tatu katika shehena zipelekwe maabara zipasuliwe na wanaojua. Kuna vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha vijana kuunda betri. Hao hawana kisingizio chochote. Kutumia chupa kwa miezi minane bila kuipima hata mara moja ni sawa na kuandika programu miezi minane bila kuhifadhi nakala.

Na tafadhali, msomaji wangu mdadisi, usipasue seli nyumbani ukatafute asidi. HF hupenya ngozi na maumivu yake yanaweza kuchelewa, ndiyo maana maabara zenye akili huweka jeli ya kalsiamu glukoneti karibu na meza. Betri ikiungua mambo ni mabaya zaidi: utafiti uliofanyika Uswidi na kuchapishwa mwaka 2017 ulipima HF ya kati ya miligramu 20 na 200 kwa kila saa-wati ya betri iliyoungua. Zidisha hiyo kwa pakiti ya kilowati-saa mbili na utaelewa kwa nini nasema kaa mbali na moshi wake.

Kuna kitu kilichonikera zaidi nilipokuwa nikiyasoma haya usiku, na hakihusu programu hata kidogo. Florini si mgeni kwetu. Bonde la Ufa limejaa floridi. Watu wa Nakuru na Naivasha wanaijua kwa meno ya watoto wao, meno yenye madoa ya kahawia kutokana na maji ya visima yanayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa ajili ya maji hayo hapa nchini kuna watu waliozoea kupima floridi kwa elektrodi ya kioo-chumvi cha lanthanamu floridi, kifaa ambacho Frant na Ross walikitangaza Marekani mwaka 1966. Huwezi kukichovya tu ndani ya elektroliti ya betri, kimeundwa kwa ajili ya maji na tumeshaona maji yanafanya nini. Lakini mkono uliozoea kutafuta miligramu moja ya floridi katika lita hauanzi kutoka sifuri. Nusu ya ujuzi tunao, umekaa kwenye jengo la idara ya maji, na wa betri wako jengo lingine, na sidhani wamewahi kunywa chai pamoja.

Tena kule Bonde la Kerio tulichimba florspa kwa miongo kadhaa, hadi shughuli zilipokoma mwaka 2016 bei zilipoanguka. Florspa ndiyo mama wa yote haya. Ukiichanganya na asidi ya salfuriki unapata HF, na HF ndiyo inayotumika kutengeneza LiPF6. Hata mabaki ya HF yaliyo katika chumvi mpya kabisa, kabla maji hayajaingia popote, yanatokana na utengenezaji huo. Jiwe lilikuwa letu, likaondoka likiwa jiwe. Linaweza kuwa limerudi katika chupa ya alumini yenye cheti cha mstari mmoja, nasi hatuna njia ya kulihoji. Sisemi tujenge kiwanda kesho. Nasema titresheni kavu haihitaji kiwanda. Inahitaji bureti, amini, kiyeyusho kikavu, sindano za plastiki na mtu aliyefundishwa.

Haya, turudi kwenye jedwali langu, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Safu ya "asidi" nimeifuta. Mahali pake kuna jedwali zima liitwalo "kipimo". Kila chupa inaweza kuwa na vipimo vingi, na kile cha cheti ni kimoja tu kati yake. Kila kipimo kina njia iliyotumika, kiyeyusho, joto la sampuli, chombo ilimokaa, dakika zilizopita tangu chupa kufunguliwa hadi rangi kugeuka, na jina la aliyepima. Mahali pa njia pakiachwa wazi, programu inakataa kuhifadhi. Cheti kisichotaja njia kinaingia na alama nyekundu ambayo haiondoki hadi mtu wa maabara apime mwenyewe. Na betri yoyote iliyoundwa siku 30 baada ya kipimo cha mwisho cha chupa yake inapata alama hiyo hiyo. Siku 30 hizo ni za kubahatisha, nakiri. Rafiki yangu alitaka 14, Mzee alisema 60, tukakutana katikati hadi tuwe na data yetu wenyewe ya kutuongoza.

Mzee analalamika kwamba fomu ni ndefu. Nimempunguzia kwa kumwekea orodha ya kuchagua, lakini sehemu ya dakika nimekataa kuiondoa, na tumekosana kidogo kwa hilo.

Yule msichana amefungua chupa mpya, ikapimwa kavu mbele yake. Hakuchoma poda mpya. Alirudi kwenye droo akachukua ile ya kwanza kabisa, ya mwezi wa pili, aliyokuwa ameambiwa haifai, akaunda betri sita. Nilipochungulia kwenye seva jana usiku, tano kati yake zilikuwa katika mzunguko wa 140 na bado zinakwenda. Ya sita ilikufa mapema, na hadi sasa hakuna anayejua kwa nini.